Ukuta Uliojisafisha

Mtu akiniuliza kama kazi yangu ilifanikiwa, jibu la kweli ni ndiyo. Ningependa jibu la kweli liwe lingine.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeya. Nilihamia Sumbawanga kwa ajira, kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi ya chuo kimoja cha ufundi. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuponda vipande vya zege kwenye mashine, kuona vinahimili uzito gani kabla havijapasuka, kisha kujaza fomu, na mara chache kuwafundisha wanafunzi kwa vitendo. Niliolewa hapo hapo mjini na mwalimu wa sekondari, Mfipa. Wazazi wake ni wakulima wa mahindi na ulezi, kwenye kijiji kilicho juu uwandani, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hakuna anayekuambia ni mwendo wa saa ngapi.

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili Dar es Salaam nilikutana na somo la zege linalojisafisha, na likaniingia kama ugonjwa. Ndani ya zege hilo mnachanganya unga mweupe wa titani, laini sana, chembe zake ndogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Mwanga wa jua ukizipiga, zinaamka. Zinaanza kuunguza bila moto kila uchafu wenye asili ya kitu hai au mafuta: masizi, ukungu, mafuta ya jikoni. Na maji yakimwagika juu yake hayatengenezi matone, yanatandaa kama shuka na kuteremka na uchafu wote uliolegea. Unahitaji vitu viwili tu, jua na mvua. Niliporudi Ufipa, nikasimama nje ya maabara siku ya kwanza, jua la nyanda za juu likanichoma shingo huku upepo ukiwa wa baridi, nilijiambia kwamba nchi hii iliumbwa kwa ajili ya unga huu.

Aliyenipa ukuta wa kuanzia ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa mhudumu kwenye zahanati ya kijiji chao, wodi ya wazazi. Nyuma ya wodi kulikuwa na jiko la ndugu wa wagonjwa, mafiga na kibanda cha bati, ambako akina mama walipika ugali wa ulezi na migebuka iliyoletwa kutoka ziwani. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo huvuma upande mmoja tu bila kupumzika, na moshi wote ulilala juu ya ukuta wa wodi. Ukuta ulikuwa mweusi, na sehemu zenye unyevu zilikuwa na ukungu wa kijani. Kila Ijumaa wifi aliusugua kwa brashi ya kufulia na sabuni ya unga, kuanzia chini hadi mkono wake ulipofika. Vidole vyake vilipasuka mpaka akawa anashika kikombe kwa viganja.

"Wifi," aliniambia siku moja tukiwa tumeketi nje tunapukuchua mahindi, "wewe uliyesoma mambo ya kuta, huu wetu hauna dawa?"

Alikuwa anatania. Mimi nikamjibu, "Dawa ipo."

Nilitumia zaidi ya mwaka mzima kuitafuta. Chuo kilinipatia fungu dogo la utafiti, unga ukaja kwa basi kutoka Dar ukiwa kwenye ndoo iliyozungushiwa utepe wa gundi kama sanda. Vipande vya kwanza nilivimimina kwenye trei za kuokea mikate. Nikiweka unga mwingi, zege lilipata nyufa kama kisigino. Nikiweka kidogo, halikufanya kitu. Unga wenyewe uliganda mabonge kwenye maji, na ilinichukua miezi kujua namna ya kuukoroga ili usambae. Mwisho nilipata kigae cha zege cha ukubwa wa daftari lililofunguliwa, chenye tabaka jembamba la juu lililochanganywa na unga, na chini zege la kawaida. Nilimimina kadhaa, nikavianika pamoja na vigae vya zege la kawaida juu ya paa la maabara msimu mzima, karibu na bomba la moshi wa jiko la chuo. Vile vya kawaida vikawa vyeusi. Vyangu vikabaki kama nilivyovimimina. Nilipanda ngazi kuviangalia kila asubuhi kabla ya kusaini kitabu cha mahudhurio, na sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi.

Siku nilipopeleka vigae kijijini kuomba ruhusa, muuguzi wa zahanati, mama mmoja mwenye sauti ya ukali na moyo laini, alisema haamini maneno, anaamini macho. Akaingia ndani akatoka na chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, akadondosha tone moja kwenye kigae changu na tone moja kwenye kigae cha kawaida. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Vigae vikawekwa juani kwenye ngazi za wodi. Wanawake waliokuja kliniki wakawa wanapita kuchungulia, wakirudi kwenye foleni wakicheka. Kufika saa tisa alasiri tone la kigae cha kawaida lilikuwa limepauka kidogo tu. Kwenye changu halikuwepo. Muuguzi alikiinua, akakigeuza, akakinusa.

"Kwa hiyo huyu," aliniuliza akimnyooshea wifi brashi, "apumzike?"

"Apumzike," nikasema.

Wifi alinikumbatia mbele ya watu wote.

Baba mkwe wangu naye alikuwepo siku ile. Kabla hajawa mzee wa kukaa na ng'ombe, alikuwa fundi mwashi, na wodi ile aliijenga yeye, akiongoza nguvu za wananchi, enzi ambazo mfuko wa saruji ulikuwa haufiki kijijini. Msingi na kona alizijenga kwa saruji kidogo waliyopewa na misheni. Ukuta uliobaki ulikuwa wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Kwa kuwa aliujua udongo wake, alirefusha upenu wa paa, bati likatokeza nje ya ukuta kiasi cha mkono mzima wa mtu mzima.

Na upenu ule ndio uliokuwa unaniziba. Kivuli chake kilifunika nusu ya juu ya ukuta kuanzia saa nne hadi jioni. Bila jua unga wangu ni vumbi tu. Kwa hiyo kwenye mchoro wangu niliandika kwamba upenu ukatwe.

Alikuja siku mafundi wawili niliotoka nao mjini walipokuwa wanapandisha ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnakata paa?"

"Tunapunguza tu, baba, ukuta upate jua."

"Na mvua?"

"Mvua ndiyo tunayoitaka. Itakuwa inausuuza."

Aliangalia juu. "Ndani mle ni udongo."

"Najua, baba. Lakini vigae ni zege, maji hayapiti."

"Kwenye zege hayapiti," alisema. "Kwenye maungio je?"

Nilimwambia maungio tutayaziba kwa saruji. Nilimjibu kwa upole, lakini ni ule upole ninaompa mwanafunzi anayeuliza swali zuri wakati kipindi kimekwisha. Aliniangalia, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua," na hakukuwa na kejeli yoyote. Kisha akavua koti lake, akashika kolego, akaanza kutusaidia kubeba mchanga. Alibeba mchanga siku mbili.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipita vizuri. Mvua za huko uwandani huja kwa ubavu, zikisukumwa na upepo, na ziliupiga ukuta wangu sawasawa kama nilivyotaka. Kiangazi kilichofuata moshi ukalala juu yake kama kawaida, vumbi jekundu likaja, na bado kila nilipokwenda niliukuta mweupe. Kulikuwa na wekundu kidogo chini, mahali miguu ya watu inaporusha udongo, kwa sababu udongo ni kitu ambacho unga hauwezi kukiunguza, lakini mvua mbili za Novemba zikauondoa. Wifi hakushika brashi tena. Nyufa za vidole vyake zikafunga.

Na mwaka huo huo akapata mimba. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto. Alinipigia simu kabla hata ya kumwambia mama yake, akinong'ona kana kwamba mtoto angesikia akabadili mawazo. "Nitajifungulia humu humu kwetu," alisema, "kwenye wodi yangu safi."

Januari muuguzi alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ya ndani ya wodi, ukuta ule ule upande wa ndani. Kulikuwa na doa la unyevu, kubwa kama khanga iliyotandazwa, usawa wa vitanda. Chini yake aliandika: *Mwalimu, hii ni kawaida?*

Nilikuwa mezani naandika ripoti ya utafiti. Niliivuta picha kwa vidole, nikaiangalia. Naweza kusema sikuelewa, lakini si kweli. Nikamjibu: *Fungueni madirisha mchana, patakauka.* Nikarudi kwenye ripoti.

Wiki mbili baadaye mume wangu alipigiwa na baba yake. Ukuta umetoa tumbo. Tulikwenda siku hiyo hiyo kwa pikipiki mbili, tukianguka mara mbili kwenye tope. Baba mkwe alikuwa ameshauegemeza kwa nguzo za mikaratusi. Kwa nje vigae vilikuwa vimesimama vyeupe, vimepinda kidogo tu kama mtu aliyevuta pumzi. Niliingiza bisibisi kwenye ungio moja, kigae kikajongea, na kutoka nyuma yake udongo ukamwagika mwembamba kama uji. Maji yalikuwa yanapenya kwenye nyufa ndogo za maungio, yanashuka nyuma ya vigae, na vigae vyenyewe vikawa vinazuia udongo usikauke tena. Kwa miaka yote ukuta ule ulikuwa ukilowa kidogo na kukauka. Mimi niliuondolea kofia, kisha nikauvisha koti la mvua lililofungia maji ndani.

Mhandisi alikuja kutoka wilayani akaifunga wodi. Alifanya sawa, mimi pia ningeifunga. Akaagiza akina mama waambiwe waende kituo cha afya cha mbali, muuguzi ahamie huko kwa muda mpaka jengo litakaposhughulikiwa. Aliweka kufuli mwenyewe na kumkabidhi ufunguo mwenyekiti wa kijiji.

Mume wangu alimwambia mdogo wake aje akae kwetu mjini hadi siku zitimie. Wifi akasema atakuja mwisho wa mwezi, akimaliza palizi, bado kuna muda. Muda haukuwepo. Uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya siku zake, asubuhi, mvua ikinyesha. Pikipiki zilikataa kutoka kijijini. Shemeji, mume wake, alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza juu ya magunia, wakamfunika kwa turubai la kuanikia mahindi, mama yake akakaa pembeni akimshikilia. Walikuwa wanakwenda kuwahi barabara kuu, labda wangepata lori. Kwenye mteremko gurudumu lilizama. Wakiwa wanalisukuma mtoto akaanza kuja, na alitanguliza miguu.

Mimi nilikuwa chuoni, uwanjani, nawaonyesha wanafunzi namna ya kufunika zege bichi kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke upesi. Ilikuwa kama saa nane mchana. Simu ikaita.

"Mtoto amefariki," mume wangu alisema. "Mdogo wangu mzima."

Nikauliza, "Wapi?"

Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Njiani," akasema.

Alikuwa mtoto wa kike. Baba mkwe alimtengenezea sanduku mwenyewe, kwa mbao, akalipiga randa pande zote kama vile litaonekana. Msibani niliketi na wanawake jikoni, nikamenya vitunguu, nikasubiri mmoja wao aniambie. Hakuna aliyesema. Walisema ni mipango ya Mungu, wakasema barabara mbovu, wakasema ng'ombe wale wazee. Mama mkwe alinipa shuka la kujifunika kwa sababu niliona baridi. Nilitamani mtu anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikuwa nimejiandaa kwa shuka.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilitoka nikaenda peke yangu hadi zahanati. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Maji yaliupiga ukuta, yakatandaa, yakateremka bila kuacha mstari hata mmoja. Ulikuwa unafanya kazi kwa ukamilifu. Niliusogelea nikaupiga kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, mpaka mkono ukawaka, halafu nikasikia aibu nikaacha.

Baba mkwe alikuwa amenifuata. Alisimama kwenye baraza ya wodi.

"Baba," nikasema, "ulinionya."

"Nilikuonya," alisema. "Halafu nikabeba mchanga."

Tukarudi nyumbani.

Mume wangu hajawahi kunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, tulipokuwa tumerudi mjini, akiwa anasahihisha madaftari: "Ile picha ya unyevu, muuguzi alikutumia lini?" Nikamwambia siku. Alitikisa kichwa, akafungua daftari linalofuata. Hakuniuliza nilijibu nini. Nadhani alikuwa ameshaiona kwenye simu yangu, au kwenye ya muuguzi. Tunaishi vizuri, tunasali pamoja, tunagawana kazi za watoto. Ila siku hizi akitaka kujua kitu chochote cha ujenzi, hata bati la banda la kuku, anakwenda kumwuliza jirani.

Ripoti niliimaliza kwa sababu ilikuwa lazima imalizwe. Watu wawili walikuja kutoka Dar kuuona ukuta. Niliwapeleka. Mmoja wao alipitisha kiganja juu ya vigae, akakigeuza, kikiwa hakina hata chembe ya masizi, ingawa jiko la nyuma lilikuwa limeshazimwa muda mrefu kwa kuwa hapakuwa na wagonjwa wa kupikiwa. "Hongera sana," aliniambia. Nilimweleza habari ya udongo, ya upenu, ya kufuli. Alisikiliza kwa heshima. Kwenye daftari lake nilimwona akiandika: *changamoto za jengo lenyewe.*

Baadaye niliitwa kueleza matokeo kwenye mkutano wa wataalamu. Niliamua kusema kila kitu, na nilisema. Nilionyesha picha ya doa, nikasoma ujumbe wa muuguzi, nikasoma na jibu langu. Nikasema kwamba wodi ilifungwa na kwamba mtoto alifia barabarani, ingawa sikusema ni wa nani. Msimamizi akauliza kama kuna maswali. Bwana mmoja akainua mkono akataka kujua nilitumia kiasi gani cha unga kwa kila mfuko wa saruji. Nikamtajia.

Sikuendelea na utafiti. Ndoo ya unga iliyobaki niliikabidhi stoo, nikarudi kuponda vipande na kujaza fomu. Kuna wenzangu wanasema nimekata tamaa mapema, kwamba kosa halikuwa la unga, kwamba kwenye jengo la kisasa lenye saruji tupu vigae vile vingedumu hata miaka ishirini. Wako sahihi kuhusu unga. Nikiwa peke yangu kwenye maabara najikuta nachora namna nyingine ya maungio, nafasi ya hewa nyuma ya vigae, matundu ya kutolea maji chini. Ni rahisi sana. Ningeyachora yale kwa nusu saa kabla ya kukata bati. Huwa naichana karatasi.

Wodi imebaki na kufuli. Tunaambiwa itabomolewa ijengwe mpya, na kila mwaka wanakuja watu wanapima kwa futi kamba, wanaondoka. Wanawake wa kijiji wenye uwezo wanahamia mjini mwezi wa nane wa mimba. Wasio na uwezo sijui wanafanyaje. Najua, ila sitaki kuandika.

Wifi alipoteza kazi wodi ilipofungwa. Alikaa kwao mwaka mmoja, haongei sana, akilima. Kisha yeye na mumewe wakaamua kushuka Kabwe, kando ya ziwa, kufanya biashara ya dagaa. Nilikwenda kumsindikiza. Alikuwa na masanduku mawili na godoro lililofungwa kwa kamba. Tulisimama tukisubiri gari, nikataka kumwambia lile ambalo sijawahi kulisema kwa mdomo, na nilipoanza, "Wifi, mimi," akanishika mkono.

"Usiseme," alisema. "Ukisema itabidi nikujibu."

Gari likaja, tukapakia godoro.

Nampigia kila Jumapili baada ya misa. Anapokea. Ananiuliza hali ya watoto, namwuliza hali ya samaki, ananiambia ziwa limechafuka au limetulia. Kisha tunanyamaza, kila mmoja na simu sikioni, na nasikia watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakibishana bei nyuma yake. Hakati. Nami sikati. Tunakaa hivyo mpaka salio liishe.